Safu ya Mwisho ya Jedwali

Rómulo mhasibu ameniachia jedwali la safu tano:
kipimo, bei, idadi kwa mwezi, jumla,
na ya mwisho, pana kuliko zote: Sababu.
Saa nane usiku, Huancavelica. Mvua ya mawe
inapiga bati kama mtu anayedai deni.
Nilikuwa nachonga penseli
Delfina Sullca alipoingia, sketi zake tatu zimelowa
kwa mvua, au kwa kilicho chake. Hakujua.
"Labda mkojo tu," akasema, akitazama sakafu.
Wiki ya thelathini na moja.

Karatasi ya njano ninayo.
Bei yake haifiki mkate mmoja.
Chupa ikipasuka, hugeuka buluu;
lakini hugeuka pia kwa damu, kwa sabuni,
kwa mume aliyerudi jana kutoka mgodini.
Shahidi wa kununuliwa, husema ndiyo kwa yeyote.
Kwa Delfina iligeuka kijani,
kijani kisichojua kwenda wala kurudi.

Nikapaka tone kwenye kioo, likakauka.
Maji ya uzazi yakikauka huota kangaga
chini ya hadubini, jani likizaa jani.
Taa ya hadubini iliungua mwezi wa Mei.
Nikamulika kwa simu, nikaziba jicho moja.
Niliona kangaga.
Au niliona mikwaruzo
ya kioo kilichooshwa mara mia.

Kipo kijiti cha tatu. Mistari miwili, dakika tano.
Picha yake ninayo, kwenye kalenda ya wauzaji.
Soli themanini na tano kwa kimoja;
Rómulo amekikata kwa wino mwekundu miaka miwili mfululizo.
Si mtu mbaya. Hata glovu hutuhesabia kwa jozi
kwa sababu jozi hazitoshi.

Mwaka jana nilimwambia Aurelia Ccanto: hapana,
nenda nyumbani, ni mkojo.
Alirudi siku ya sita akiwaka homa.
Sitaandika zaidi hapa.
"Hapana" ile haikutugharimu hata senti,
ukitazama vitabu vya Rómulo.

Basi kwa Delfina nilisema ndiyo.
Nikamchoma sindano ya mapafu ya mtoto,
nikaamsha dereva, tukajaza dizeli,
akapelekwa Huancayo amelala ubavu,
mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika mlango wa gari.
Aliniuliza jambo moja tu:
"Nani atalala na alpaka wangu?"
Nikamwambia nitatuma mtu. Sikutuma.
Usiku ule nilizalisha wengine wawili.

Alfajiri ya pili simu ikalia.
Huancayo wanacho kijiti. Walisubiri dakika tano.
Mstari mmoja.
Chupa nzima, mtoto anapiga teke, mkojo tu,
mumrudishie kadi yake.
Alirudi kwa basi, kwa nauli yake mwenyewe,
akanisalimu vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Rahisi ghali, tunasema,
lakini msemo haujazi jedwali, kwa hiyo nilijaza:
dizeli, dereva, dawa, kitanda cha usiku mbili,
soli mia sita na arobaini.
Vijiti saba, na chenji ya kununua taa ya hadubini.
Sikumtaja Aurelia. Nilimwandika, nikamfuta,
na penseli ikaacha kovu kwenye karatasi.

Ijumaa Rómulo alisoma amesimama,
miwani juu ya kipaji cha uso.
Alipapasa pale palipofutwa, hakuuliza.
Kisha akaketi, akavuta kikokotoo.
"Na hapa chini, Yesenia, umeandika mbweha."
Ndiyo.
Alikula alpaka wawili wa Delfina usiku ule.
Akafikiri.
"Niwaweke safu gani?"